Aliyeumwa na Nyoka Akishindwa Kupumua

  Vuta kiti, mwite na mwenzako, kwa sababu mada ya leo inahitaji watu wawili: mmoja aliyeumwa na mmoja wa kumsaidia.

Tunapopata habari kwamba mtu ameumwa na nyoka, wengi wetu hukimbilia kutazama mguu. Umevimba? Unatoka damu? Tukiona mguu haukuvimba sana, tunapumua na kusema, "Huyu hana neno." Hapo ndipo tunapokosea. Wapo nyoka ambao sumu yao haina haja na mguu. Inapita kimya kimya mwilini na kwenda kuzuia pumzi. Mguu unabaki mzuri, na mwenye mguu anakata roho.

Hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa sababu ya kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Walio hatarini zaidi ni watu kama sisi: mkulima, mchungaji, mvuvi, na mtoto anayetembea gizani bila viatu.

SUMU INAZUIAJE PUMZI?

Kupumua ni kazi ya misuli. Kuna misuli katikati ya mbavu, na kuna msuli mmoja mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kila unapovuta hewa, ubongo hutuma amri kupitia neva, amri ikafika kwenye misuli, kifua kikapanuka, hewa ikaingia.

Wewe mwendesha pikipiki utanielewa haraka. Betri inaweza kuwa na moto, injini ikawa nzima, petroli ikawa imejaa, lakini waya ukikatika pikipiki haiwaki. Sumu ya swila na ya koboko inafanya hivyo hivyo. Inazuia amri pale neva inapokutana na msuli. Ubongo ni mzima, moyo unapiga, mapafu hayana ugonjwa, lakini kifua hakipandi.

Sasa shika neno hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu: waya huo haukukatika milele. Sumu huisha nguvu. Mwili hujitengeneza, baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, na misuli ikaanza kazi tena. Kwa hiyo mtu aliyeacha kupumua kwa sumu ya nyoka si lazima awe amekufa. Akipata mtu wa kumpumulia mpaka afike hospitali, na hospitali ikaendelea, anaweza kurudi nyumbani kwa miguu yake.

NYOKA GANI WANAHUSIKA?

Magharibi mwa Kenya tuna nyoka wa aina nyingi, na wengi wao hawana sumu ya kumdhuru mtu. Wanaozuia pumzi ni hasa swila wa msituni, nyoka mkubwa mwenye ngozi inayong'aa anayependa sehemu zenye maji, na jamii ya koboko, ambao ni wepesi na wanajua kupanda miti.

Swila mtema mate na bafe, ambaye wengine humwita kifutu, sumu yao huharibu zaidi nyama: uvimbe mkubwa, maumivu makali, malengelenge, na nyama kuoza. Hao nao ni hatari na mgonjwa wao lazima aende hospitali. Chatu hana sumu, ila kidonda chake huweza kuoza kisipotibiwa.

Lakini usipoteze muda kubishana ni nyoka gani. Gizani nyoka wote ni weusi. Mwangalie mgonjwa, naye atakuonyesha ni sumu ya aina gani.

DALILI: ANZA NA KOPE

Sumu ya kupooza ina mpangilio wake. Huanza juu, kwenye misuli midogo ya uso, kisha inashuka. Ukijua mpangilio huo, utajua hatari inakuja kabla haijafika.

Kwanza, kope huwa nzito. Macho yanafunga kama ya mtu mwenye usingizi, naye anasema anaona vitu viwili viwili.

Pili, ulimi unakuwa mzito. Anaongea kama mlevi, ilhali hajaonja kitu.

Tatu, kumeza kunakuwa kazi. Mate yanajaa mdomoni na kumwagika. Hii ni dalili ya hatari sana, kwa sababu mate hayo yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Nne, shingo inalegea. Ukimwambia ainue kichwa kutoka kwenye mto, hawezi.

Tano, pumzi inakuwa fupi na ya juu juu. Tumbo na kifua havipandi pamoja, midomo na kucha zinaanza kuwa za rangi ya samawati, na sauti inakwisha.

Safari hii kutoka kope hadi pumzi inaweza kuchukua nusu saa, na inaweza kuchukua saa nyingi. Koboko huwa na haraka zaidi. Ndiyo maana mtu aliyeumwa, hata akijiona mzima kabisa, anatakiwa akae chini ya uangalizi hospitalini hadi saa 24 zipite.

Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji mashine. Mwambie mgonjwa avute pumzi moja, kisha ahesabu moja, mbili, tatu, mpaka pumzi imwishie. Andika alipofika. Baada ya dakika 10 au 15 rudia. Kama mwanzo alifika 25, kisha akafika 18, kisha 10, misuli ya kupumua inachoka. Hapo hakuna la kusubiri. Ukifika hospitali mpe muuguzi karatasi hiyo. Itamsaidia kuliko maelezo marefu.

HUDUMA YA KWANZA

Fanya haya kwa mpangilio huu.

1. Mwondoe mgonjwa mahali nyoka alipo. Usimfukuze nyoka. Ukiweza kumpiga picha kwa simu ukiwa mbali, vizuri, usipoweza, acha. Usibebe nyoka aliyekufa, maana hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma.

2. Mtulize na umlaze. Asikimbie wala asitembee. Misuli ikifanya kazi inasukuma sumu kwenda mbele.

3. Vua pete, bangili, saa, viatu na nguo ya kubana kabla uvimbe haujaanza.

4. Funga ubao au fimbo kando ya mguu au mkono ulioumwa ili usichezecheze, kama vile unavyofunga mfupa uliovunjika. Usikaze.

5. Mlaze kwa ubavu, hasa kama anatapika au anatokwa na mate. Uso uelekee chini kidogo ili mate yatoke nje, yasiingie kooni.

6. Asile wala asinywe kitu. Koo lililoanza kupooza haliwezi kuzuia maziwa au uji usiingie mapafuni.

7. Anza safari ya hospitali mara moja.

Na haya usiyafanye: usichanje kwa wembe, usinyonye sumu kwa mdomo, usipake mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe, usitumie umeme wa pikipiki kumchoma, na usikaze kamba juu ya jeraha. Kamba iliyokazwa hukata damu na mguu unaweza kufa.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Ukimkuta mgonjwa tayari amekazwa kamba kwa muda, usiifungue ghafla nyumbani au njiani. Sumu iliyokuwa imezuiwa inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo mmoja na pumzi ikasimama papo hapo. Kamba hiyo ifunguliwe hospitalini, polepole, dawa na vifaa vya kupumulia vikiwa tayari.

PUMZI IKISIMAMA

Tuchukulie mfano. Kijana ameumwa jioni akitoka shambani. Saa mbili usiku kope zimemlemea. Saa tatu hawezi kuongea. Mko njiani, na ghafla kifua hakipandi. Unamwita, haitiki. Unamfinya, hajikunji. Mmoja wenu anaanza kulia, mwingine anasema, "Turudi nyumbani, amekwenda."

Msirudi. Mtu aliyepoozwa na sumu hawezi kufungua jicho wala kusogeza kidole, lakini anaweza kuwa anasikia kila mnalosema. Anasikia mkipanga mazishi yake. Ongea naye, umwambie, "Tuko na wewe, tunakupumulia." Kisha fanya hivi.

Mlaze chali mahali pagumu. Fungua mdomo, upanguse mate na matapishi kwa kitambaa. Weka mkono kwenye paji la uso, urudishe kichwa nyuma, na kwa mkono mwingine inua kidevu. Kwa kufanya hivyo tu ulimi unaondoka kwenye njia ya hewa, na wengine huanza kupumua tena.

Asipopumua, bana pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako, na pulizia kwa muda wa sekunde moja mpaka uone kifua kinapanda. Acha kishuke. Rudia kila baada ya sekunde 5 au 6, yaani mara 10 hadi 12 kwa dakika. Mtoto mdogo hupumua haraka zaidi: pulizia kila baada ya sekunde 2 au 3, pumzi ndogo tu ya kuinua kifua. Kwa mtoto mchanga, funika mdomo na pua pamoja.

Gusa pembeni ya koromeo uone kama mapigo ya moyo yapo. Kama huyasikii, au huna hakika, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa nguvu na kwa haraka, kisha pulizia mara 2, na uendelee hivyo hivyo.

Ukichoka, mwenzako akupokee. Msihesabu dakika. Watu wamepumuliwa kwa muda mrefu sana wakapona, kwa sababu kilichokuwa kinakosekana ni hewa tu. Wala usiogope sumu. Sumu ya nyoka haitoki kwenye pumzi ya mgonjwa kukuingia wewe.

USAFIRI WETU HUKU MPAKANI

Hapa kwetu ndipo jina la boda boda lilipozaliwa, miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Hadi leo boda boda ndiyo ambulensi ya kwanza vijijini. Kama mgonjwa bado anaongea na kushika, mweke katikati, dereva mbele na mtu mwenye nguvu nyuma akimkumbatia, wala asining'inize mguu ulioumwa.

Lakini kope zikiwa zimeanguka, au mate yanamtoka, tafuta gari. Juu ya pikipiki huwezi kumlaza kwa ubavu, na huwezi kumpulizia. Gari lolote linafaa, Probox, tuktuk, hata lori, mradi alale na wewe uwe karibu na uso wake. Kama hakuna kabisa gari, nenda na hiyo hiyo pikipiki, na simameni mara moja pumzi ikisimama.

Unakwenda wapi? Ukiwa upande wa Malaba, Hospitali ya Kocholya iko karibu. Kwenye barabara ya kuja Busia kuna Alupe, na Busia mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Kule chini Bunyala ipo ya Port Victoria. Na kama ulipo ni karibu zaidi na Tororo au kituo kingine cha upande wa Uganda, mwambie ofisa wa mpakani kwamba ni dharura ya pumzi, na uvuke.

Jambo moja muhimu: piga simu kabla au unapoondoka. Uliza maswali mawili. Dawa ya kuua sumu ya nyoka ipo? Oksijeni na vifaa vya kupumulia vipo? Dawa hii hukosekana mara kwa mara Afrika nzima. Dawa moja iliyotegemewa sana, Fav-Afrique, ilikoma kutengenezwa mwaka 2014, na shehena ya mwisho ikapita muda wake mwaka 2016. Zipo nyingine, lakini ni ghali, na baadhi zinahitaji friji. Kwa hiyo si kila zahanati itakuwa nayo.

Hata hivyo usiipite zahanati iliyo njiani kama pumzi inasumbua. Muuguzi anaweza asiwe na dawa ya nyoka, lakini akiwa na mfuko wa kupumulia, ule wa mpira unaokamuliwa kwa mkono, anaweza kupanda nanyi garini na kumpumulia hadi hospitali kubwa.

HOSPITALI ITAFANYA NINI?

Kwanza ni hewa. Watasafisha koo, watampa oksijeni, na ikibidi watapitisha mpira kooni na kumweka kwenye mashine ya kupumulia.

Pili ni dawa ya kuua sumu. Dawa hii hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo, mwili wake ukatengeneza kinga, kisha kinga hiyo ikatolewa kwenye damu yake. Hutolewa kwa mshipa, na kwa sababu inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali, ambao nao unaziba pumzi, haitakiwi kutolewa nyumbani wala dukani. Lazima sindano ya adrenalini iwe karibu.

Dawa hii hukamata sumu inayozunguka mwilini. Ile iliyokwisha kushika neva haiondoki haraka. Ndiyo maana mgonjwa aweza kupewa dawa na bado akahitaji kupumuliwa kwa siku kadhaa. Jamaa wasikate tamaa wala wasimwondoe wodini.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Swali: Jiwe la nyoka limemponya jirani yangu. Kwa nini mnalikataa?

Jibu: Jiwe jeusi ni kipande cha mfupa uliochomwa. Linagandia jeraha kwa sababu linanyonya unyevu, lakini halitoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Jirani alipona kwa sababu nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu wakati mwingine huuma bila kuimwaga. Jiwe likapewa sifa ambayo si yake. Siku ya swila mwenye sumu, jiwe litakaa mguuni na pumzi itaondoka.

Swali: Mimi nilichanjwa chale na mzee ili nyoka asinidhuru. Bado naweza kupata shida?

Jibu: Ndiyo. Hakuna chanjo ya sumu ya nyoka, si ya chale wala ya hospitali. Kama unamheshimu mzee wako, mwendelee kuheshimiana, lakini ukiumwa njoo hospitali kwanza.

Swali: Swila akinitemea mate machoni, pumzi itazuiwa?

Jibu: La, shida hapo ni jicho. Lioshe mara moja kwa maji mengi safi, kwa dakika 15 au zaidi, usilisugue, kisha nenda kituo cha afya.

Swali: Nafuga nyoka, naye amenizoea. Kuna ubaya?

Jibu: Nyoka hazoei kama mbwa. Kisheria, kumfuga mnyama wa porini kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hata wataalamu wa Bio-Ken kule Watamu, ambao wamefuga nyoka tangu mwaka 1980, huwashika kwa vifaa na kwa tahadhari kubwa. Ukimwona nyoka ndani ya nyumba, watoe watu nje na uite anayejua.

KINGA

Tembea na tochi usiku, hata kwenda chooni. Vaa gambuti shambani, kwenye miwa na mpunga. Lala juu ya kitanda ikiwezekana, na chandarua ukichomeke vizuri chini ya godoro. Kinazuia mbu na nyoka pia. Toa kuku na mayai ndani ya chumba cha kulala, na pambana na panya, kwa kuwa nyoka hufuata chakula. Kata nyasi karibu na nyumba. Ndugu zetu wa Budalang'i, mto Nzoia unapofurika, nyoka nao hukimbia maji na kutafuta pakavu, kwa hiyo kagua matandiko na viatu kabla ya kuvitumia. Na ninyi madereva mnaosubiri foleni ya mpakani, laleni ndani ya gari, si chini yake.

KUMBUKA

Tazama kope kabla hujatazama mguu. Mlaze kwa ubavu. Usikaze kamba, na iliyokazwa usiifungue ghafla. Pumzi ikisimama, mpulizie, na usiache. Piga simu, uende hospitali yenye dawa na hewa.

Leo jioni, kabla ya kulala, tafuteni namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu na ya mwenye gari kijijini, mziandike ukutani. Kisha mfundishe mtu mmoja wa nyumbani kwako jinsi ya kurudisha kichwa nyuma na kuinua kidevu. Huenda wewe ndiye utakayeumwa, na yeye ndiye atakayekupumulia.